Watunzi wa Tamthilia na Sifa Zisizochakaa: Je, Imbuga, Hussein na Shakespeare Wanastahili?

Ninaamini kwamba Francis Imbuga ni mtunzi mkubwa wa tamthilia, lakini siipendi hata kidogo njia tuliyoipitia hadi tukakubaliana hivyo. Huku kwetu magharibi mwa Kenya jina lake halijadiliwi tena. Alizaliwa Maragoli mwaka wa 1947, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Vihiga, akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, akafariki Novemba 2012, na tangu hapo kila anayemtaja humtaja kama mtu ambaye kesi yake imekwisha kuamuliwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Kakamega, na katika chumba cha walimu nimewasikia wengi wakimsifu bila kutaja onyesho hata moja walilowahi kulitazama, wala mhusika aliyewahi kuwakosesha usingizi. Wanachokitaja ni kwamba tamthilia yake, Betrayal in the City, iliwahi kuwa kitabu cha kutahiniwa.

Kwetu mtahini ndiye anayempa mtunzi cheo. Tamthilia ikishateuliwa, shule za sekondari nchini kote huinunua, miongozo huandikwa upesi na kuuzwa hata kando ya barabara, vikundi vya waigizaji huzunguka kutoka bwalo hadi bwalo, na wanafunzi hufunzwa kuliweka dondoo katika muktadha wake kwa alama nne. Miaka michache ikipita orodha hubadilishwa, na kitabu kilichokuwa midomoni mwa taifa zima huanza kutoweka madukani. Waliofanya mtihani wakati wa Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia bado wanaweza kukusimulia habari za Mtemi Bokono na nchi ya Butangi, na jinsi Gege alivyomuua ndugu yake Mwelusi. Waliowafuata wana Mstahiki Meya ya Timothy Arege, kisha wakaja wa Kigogo ya Pauline Kea, na sasa wapo wa Bembea ya Maisha, ambayo pia ni ya Arege. Muulize wa kundi moja kuhusu kitabu cha kundi jingine na huenda usipate jibu lolote. Sisemi kwamba tamthilia hizi hazikustahili kuteuliwa. Nimezifundisha, na baadhi yake nazipenda sana. Ninachosema ni kwamba umaarufu wa namna hii hautuambii mengi kuhusu ubora wa kazi, kwa kuwa msomaji hakuwa na hiari ya kukifunga kitabu na kwenda zake.

Mwalimu mmoja mstaafu ninayemheshimu sana hunijibu kwamba mtihani hupita lakini muda haudanganyiki. Kwa maoni yake, watunzi wa kale wa Ugiriki na Uingereza wamechekechwa na karne nyingi, na waliobaki ndio waliostahili kubaki. Ningependa hilo liwe kweli. Kwa bahati mbaya, historia ya tamthilia inaonyesha kwamba muda umewahi kudanganyika vibaya, tena kwa sababu ambazo hazikuhusiana na sanaa.

Mfikirie Sophocles, ambaye inasemekana aliandika tamthilia zaidi ya 120, na zilizotufikia zikiwa kamili ni saba tu. Tamthilia yake kuhusu Mfalme Oedipus, ambayo leo hutajwa kama kilele cha sanaa hiyo yote, haikushinda iliposhindanishwa mjini Athens. Aliyeshinda aliitwa Philocles. Waamuzi wa siku ile walimwona Philocles kuwa bora, na sisi hatuwezi kuwapinga wala kuwaunga mkono, kwa sababu hakuna hata tamthilia moja ya Philocles iliyosalia. Huenda walikosea, kama waamuzi wa mashindano wanavyokosea hadi leo. Huenda pia hawakukosea. Tunachokiita hukumu ya muda hapa ni hukumu ya wanakili, panya, unyevu na moto.

Shakespeare naye aliponea chupuchupu. Alifariki mwaka wa 1616, na wakati huo karibu nusu ya tamthilia zake zilikuwa hazijawahi kuchapishwa. Waigizaji wawili waliokuwa wenzake, John Heminges na Henry Condell, ndio waliozikusanya katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka wa 1623 kikiwa na tamthilia 36, na 18 kati ya hizo zilikuwa zikichapishwa kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa hizo 18 ni ile ya Julius Caesar, ile ya Macbeth na ile ya tufani. Yaani, kama waigizaji wale wawili wangechoka au wangekosa mchapishaji, Mwalimu Julius Nyerere asingekuwa na tamthilia ya kutafsiri alipotoa Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka wa 1963, na Samuel Mushi asingetuachia Makbeth wala Tufani. Sifa tunayoidhania kuwa ya milele ilitegemea uaminifu wa marafiki wawili na kazi ya mtambo wa uchapaji.

Hata baada ya kuchapishwa, sifa hiyo ilikuwa na mashaka yake. Mwaka wa 1681 Nahum Tate aliiandika upya tamthilia ya Mfalme Lear, akamwacha hai Cordelia, bintiye Lear anayekufa katika tamthilia ya asili, na kumwoza kwa Edgar, na toleo hilo lenye mwisho wa furaha likatawala majukwaa ya Uingereza kwa takriban miaka 150. Waliokuwa wakimshangilia Shakespeare kwa tamthilia hiyo walikuwa wakishangilia kwa sehemu kubwa kazi ya mtu mwingine. Naye Leo Tolstoy, mwandishi wa Urusi, katika makala aliyoichapisha mwaka wa 1906, alidai kwamba sifa za Shakespeare ni aina ya ushawishi unaoambukizwa kutoka kizazi hadi kizazi, na kwamba alimsoma mara nyingi maishani mwake akaambulia uchovu na karaha. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kuipuuza makala hiyo kama hasira ya mzee. Siku hizi naona kwamba Tolstoy aliuliza swali la haki, kwa maana mtu anayekusomesha mtunzi akiwa ameshika kiboko mkononi hana haki ya kukushangaa ukisema unampenda. Shakespeare aliletwa Kenya na serikali ya kikoloni pamoja na mitihani yake, na shule kama Alliance zilikuwa zikimwigiza kila mwaka. Upendo wetu kwake una historia inayotutia mashaka.

Pamoja na hayo yote, nimeridhika kwamba anastahili, na nitasema ni wapi niliporidhikia. Haikuwa darasani. Kikundi cha vijana mjini Nakuru kilikuwa kikisoma kwa sauti tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Kaizari mbele ya watazamaji wachache, wengi wao wakiwa wakazi wa mji huo. Hotuba za Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, na za Antony, rafiki ya Kaizari, zilipokewa vizuri, kama zinavyopokewa daima na watu waliozoea mikutano ya kisiasa: wasikilizaji waliwacheka Warumi waliokubaliana na mtu mmoja na punde wakakubaliana na mpinzani wake. Kisha likafuata onyesho fupi ambalo wasomaji wengi hulisahau. Umati wenye ghadhabu unamkuta barabarani mshairi aitwaye Cinna na kumuuliza jina lake. Anapolitaja, wanamvamia, kwa sababu mmoja wa waliomuua Kaizari anaitwa Cinna pia. Anawalilia kwamba yeye ni mshairi, hakuhusika na njama yoyote. Wanamjibu kwamba jina linatosha.

Sidhani kwamba ninahitaji kumweleza msomaji wa Nakuru, wa Naivasha, wa Kisumu au wa Eldoret kwa nini kicheko kilikatika. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kulikuwa na vizuizi barabarani ambako watu waliulizwa majina, vitambulisho vikakaguliwa, na jina likatosha. Mtu aliyeandika onyesho lile alifariki karibu miaka 400 kabla ya siku hizo, hakuijua nchi yetu, hakujua makabila yetu, na hata hivyo alikuwa ameona kitu kuhusu umati na jina ambacho sisi tulikiona kwa macho yetu baadaye. Nilipoisoma historia ya onyesho hilo nikagundua kwamba kwa muda mrefu waongozaji wa Uingereza na Marekani walikuwa wakiliondoa, wakiliona kuwa kiporo kisicho na kazi. Orson Welles alipoiongoza tamthilia hiyo New York mwaka wa 1937, akiwavika wahusika mavazi yaliyofanana na ya Wafashisti wa wakati huo, alilirudisha, na likawa ndilo lililowatikisa watazamaji kuliko yote.

Kigezo changu kimetoka hapo. Mtunzi hustahili sifa ya kudumu pale ambapo sehemu ya kazi yake, pengine hata ile iliyodharauliwa na wengine, inapata maana mpya na nzito mbele ya watu ambao hakuwawazia, bila mwalimu kusimama kando akiwaelekeza wahisi nini. Kigezo hicho hupima onyesho kwa onyesho, wala hakimpi mtu hatimiliki ya ukuu. Kwa hiyo sioni aibu kusema kwamba ile tamthilia ya Shakespeare kuhusu mwanamke mkali anayefugwa na mumewe, ambayo karibu na mwisho mwanamke huyo anawahutubia wenzake kuhusu wajibu wa kuwatii waume, hainipi chochote ninachoweza kukitetea mbele ya wanafunzi wangu wasichana. Ingeandikwa na mtu asiye na jina, ingekuwa imesahauliwa zamani. Inaigizwa kwa sababu ya jina.

Nikimrudia Imbuga kwa kipimo hichohicho, Betrayal in the City inapita mtihani ambao hakuna baraza lililouandaa. Ilichapishwa mwaka wa 1976, na mapema mwaka uliofuata ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoiwakilisha Kenya katika tamasha kuu la sanaa za watu weusi mjini Lagos. Inaanza kaburini. Doga na Nina wanamwombolezea mtoto wao Adika, aliyepigwa risasi katika maandamano ya wanafunzi, na wanaume wawili wa serikali wanafika kuwaambia kwamba sherehe ya kunyoa haitafanyika, kwa ajili ya kulinda amani. Mtu asiyejua desturi za huku anaweza kulipita jambo hilo kama amri moja miongoni mwa amri nyingi za kidikteta. Mluhya aliyewahi kunyolewa baada ya mazishi ya mzazi au ndugu anajua kwamba serikali hiyo imeingia mahali ambapo hata adui wa ukoo angeheshimu. Imbuga hakulieleza hilo kwa maneno mengi. Aliliweka tu jukwaani, akatuachia sisi kulijua.

Tangu Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kuupinga mswada wa fedha na baadhi yao wakapigwa risasi, onyesho hilo la kwanza limekuwa gumu kulitazama. Nimeliona likiigizwa na wanafunzi baada ya matukio hayo, na sikuwa na haja ya kuuliza kama wanaelewa wanachokisema. Ndipo nilipojiambia kwamba mtu huyu anastahili kila sifa aliyopewa kwa kazi hii, hata kama wengi waliompa hawakuwa na sababu nzuri.

Kuna udhaifu pia, na si mdogo. Mulili, yule jamaa ya mkubwa wa nchi anayepanda cheo bila elimu na kusababisha kifo cha Kabito kwa ajili ya zabuni ya maziwa, ndiye kiumbe hai kuliko wote katika tamthilia hiyo. Kila akifungua kinywa, ukumbi unaamka. Wanawake, kwa upande mwingine, wamechorwa kwa mstari mwembamba. Nina ana hasira na hadhi, kisha anaondolewa mapema, na Regina anahamishwa huku na huku kulingana na mahitaji ya wanaume. Nadhani Imbuga mwenyewe aliliona hilo, kwa sababu katika Aminata, iliyotoka mwaka wa 1988, alimweka katikati mwanamke msomi ambaye babake amemwachia ardhi, na ndugu yake wa kiume hakubali. Anayejua jinsi mashamba ya Maragoli yalivyo madogo, na jinsi mpaka wa futi chache unavyoweza kuwagawanya ndugu kwa maisha yao yote, atajua kwamba mtunzi alikuwa amechagua vita vilivyo karibu na nyumbani kwake kuliko vita vya ikulu yoyote. Kwa maoni yangu Aminata inahitaji watazamaji zaidi kuliko ilivyowapata, na kama ningelazimishwa kuchagua moja ya kuigizwa kila mwaka katika kila kijiji cha Vihiga, ningeichagua hiyo.

Ebrahim Hussein ni kisa kingine, na kwangu ni kichungu zaidi. Kila mtu aliyesomea fasihi ya Kiswahili anamjua kwa Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka wa 1969, kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ni sawa kabisa. Sijui tamthilia nyingine ya Kiswahili inayoonyesha kwa ukali namna ile jinsi neno linavyomtoka mtu, likakua, likamshinda aliyelitamka. Na mwisho wake, pale Kinjeketile anapokataa kuwaambia watu kwamba maji ya kuwakinga na risasi yalikuwa uongo, hata kama kukataa huko kutamgharimu uhai, unabishaniwa na wanafunzi wangu mpaka kengele inalia na hawataki kutoka. Baadhi humwona shujaa, wengine humwona mtu aliyewaangamiza watu wake mara mbili. Tamthilia inayoweza kuwagawanya watu namna hiyo zaidi ya nusu karne baada ya kuandikwa haihitaji kutetewa nami.

Lakini mwaka wa 1988 Hussein, mzaliwa wa Lindi katika pwani ya kusini ya Tanzania, aliandika Kwenye Ukingo wa Thim, na humo alikuwa akizungumza nasi moja kwa moja. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya, na mabishano hayo yakaenda mahakamani hadi Mei 1987, ukoo uliposhinda na mazishi yakafanyika Nyalgunga. Nchi nzima ilikuwa na upande. Hussein aliichukua hali hiyo akaandika kuhusu Martha, mjane anayepambana na ukoo wa mumewe, na kuhusu watu waliodhani kwamba elimu na maisha ya mjini yalikuwa yamewavusha mbali na madai ya kabila. Hatungi ripoti ya mahakama. Anaonyesha jinsi nyumba inavyovuliwa paa kidogo kidogo na watu ambao kila mmoja ana hoja yake.

Nimewauliza watu wengi waliosoma Kisumu na Siaya kuhusu tamthilia hiyo, wakiwemo walimu wa Kiswahili, na wengi hawajaigusa. Mtunzi ametukuzwa kwa haki kwa kitabu kimoja, kisha utukufu huohuo ukakifunika kingine ambacho kilituhusu zaidi. Hili ni dhara la sifa ambalo hatulizungumzi vya kutosha: jina likishafungwa kwenye kazi moja, wasomaji hudhani wamemmaliza mtu.

Kuna chanzo kingine cha sifa ambacho ni lazima nikitaje, kwa sababu kiko moto hapa kwetu, nacho ni kupigwa marufuku. Mwaka wa 2013 wasichana wa Butere walizuiwa kuendelea na mchezo wa Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala, hadi Mahakama Kuu ilipouruhusu. Aprili 2025 mtunzi huyohuyo, akiwa amekwisha kuwa seneta wa Kakamega na kuondoka, aliwaandikia wasichana wa shule hiyohiyo Echoes of War, na yaliyotokea Nakuru wakati wa tamasha la kitaifa yanajulikana: mahakama iliagiza waruhusiwe, Malala akakamatwa, polisi wakarusha vitoza machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Nilikasirika siku ile na bado nimekasirika. Hakuna serikali inayopaswa kuwaogopa wanafunzi waliovaa maleba. Hata hivyo hasira yangu si uhakiki. Wiki ile kila mtu alikuwa na msimamo kuhusu ubora wa mchezo ambao wengi wetu hatukuwa tumeuona wala kuusoma, na sifa iliyozaliwa hivyo ni sifa ya tukio. Ili Malala apimwe kama mtunzi, ni lazima mchezo wake uigizwe kwa utulivu, mara nyingi, mbele ya watu wanaoweza kusema kwamba onyesho la pili limelegea.

Na hapa narudi kwa Heminges na Condell. Tamasha letu la michezo ya kuigiza ya shule lilianza mwaka wa 1959. Tangu wakati huo walimu wa Kenya wameandika michezo mingi mno, na shule za magharibi na Nyanza zimekuwa mstari wa mbele. Mingi ya michezo hiyo iliigizwa kwa msimu mmoja, ikatuzwa au isituzwe, kisha nakala zake zikabaki kwa mwalimu aliyeziandika au katika kabati la shule. Wengi wa watunzi hao hawajawahi kuitwa watunzi. Nimewahi kutazama mchezo wa Kiswahili katika tamasha la eneo letu ambao ulikuwa na mazungumzo makali kuliko baadhi ya tamthilia nilizolazimika kuzifundisha, na leo siwezi kuupata popote ili nikuthibitishie. Tunaposema kwamba Imbuga ndiye mkubwa wa watunzi waliotoka huku, tunamlinganisha na nani? Tunamlinganisha na wachache waliochapishwa.

Kwa hiyo ningependa waandalizi wa tamasha, idara za utamaduni za kaunti na wachapishaji wetu wakubaliane kutoa kila mwaka kitabu kimoja cha michezo bora, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha zetu, pamoja na majina kamili ya walioiandika. Kwa ile ya zamani kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu itabidi mtu azunguke shule kwa shule akiomba kabati zifunguliwe. Ningeanza na michezo ya Kiswahili ya miaka ya 1990 kutoka Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia, kwa kuwa baadhi ya walimu walioiandika wamestaafu na wanaishi papa hapa, na wanaweza kutuambia ni mistari gani ilikatwa na kwa sababu gani.